Chokaa Birikani

Juma lililopita nilikwenda Kisauni kumjulia hali binti yangu, nikamkuta mjukuu wangu amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo analofugia samaki wa rangi. Mtu alikuwa amesugua kioo kwa sabuni, na sabuni ikachuruzika ndani. Maji yalikuwa meupe kama tui. Tukawatoa samaki kwa chujio, tukawatia katika beseni la maji yaliyolala, na alhamdulillahi wakapona wote. Mjukuu akanitazama. "Bibi, wewe umejulia wapi mambo ya samaki?" Nikacheka tu. Wakati ule mimi sikuwa Kisauni tena. Nilikuwa Likoni, mtoto wa chuo cha Kurani, na pua yangu imejaa harufu ya chokaa.

Ilikuwa miaka ya vile vita vikubwa. Likoni yetu ilikuwa mashamba: minazi, mihogo, njia za mchanga mweupe zinazochoma nyayo ifikapo adhuhuri. Mchele ulikuwa haupatikani ovyo. Tulikula mahindi ya manjano yaliyokuja kwa meli, na bibi yangu aliyapika kwa subira akisema, "Shukuruni. Kuna asiyepata hata haya." Askari walikuwa wamepiga kambi si mbali nasi, na ilisemekana wanaogopa homa ya mbu kuliko adui. Ndipo akaanza kupita bwana mmoja kwa baiskeli, pampu ya mafuta mgongoni. Kila alipoona maji yaliyotuama aliyanyunyizia mafuta meusi. Madimbwi, mapipa, hata vifuu vya nazi havikusalimika. Sisi watoto tulimwita Bwana Mbu, lakini si mbele yake.

Uani mwa msikiti wetu palikuwa na birika, hodhi la mawe la kutawadhia, kina chake magotini mwa mtu mzima. Ndani yake waliishi samaki wadogo, urefu wa kidole, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Wazee walituambia kwamba samaki hao wamekuwamo tangu msikiti ulipojengwa. Muadhini ndiye aliyewalea. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, asiye na mtoto, na siku alizopata wali aliwabakishia punje. Bwana Mbu alipokuja mara ya kwanza, muadhini alisimama mbele ya birika akamsihi asitie mafuta, maana samaki wanatosha. Bwana Mbu akachungulia, akakubali kwa shingo upande. "Lakini nikija nikaona viluwiluwi vinacheza na hakuna wa kuvila, mzee, tusilaumiane." Tangu siku hiyo muadhini alikuwa akisema, "Mimi nitasimama vipi mbele ya Mola wangu, maji ya watu wa sala yatiwe mafuta na mimi ndiye niliyeyachunga?"

Basi ikafika siku ya mwisho wa Shaabani, siku ya vunja jungu, ambayo watu hula na kushiba kabla ya kuanza kufunga. Kila nyumba ilinukia nazi, iliki na samaki wa kupaka. Ilikuwa pia desturi yetu siku hiyo kuupaka msikiti chokaa, ili mwezi mtukufu ukute kuta zinang'aa. Chokaa mbichi ikimwagiwa maji huchemka kama uji, kwa hiyo huhitaji maji mengi karibu. Fundi, ili asihangaike, alilikalisha pipa la chokaa juu ya ukingo wa birika. Baada ya alasiri alitia maji, chokaa ikaanza kuunguruma, pipa likatikisika, na kabla hajalishika likaanguka kwa ubavu. Chokaa yote ikamiminika birikani.

Sisi watoto tulikuwa barazani tukisoma juzuu zetu. Tulisikia kishindo, kisha sauti ya muadhini, "Samaki! Jamani, samaki wangu!" Tukatoka mbio. Maji yalikuwa meupe, hayaonyeshi kitu, na juu yake vinywa vidogo vikifunguka na kujifunga.

Watu wazima walikuja haraka, lakini walipofika ukingoni wakasimama. Mmoja akasema chokaa si najisi, maji yafaa kutawadhia. Mwingine akasema rangi imegeuka, hayafai. Wa tatu akauliza kama yamegeuka rangi peke yake au na ladha pia. Mwalimu wetu wa chuo akainua kidole aanze kueleza hukumu, na wote wakamsikiliza, maana alikuwa mtu wa elimu.

Hapo ndipo alipoingia jirani yetu, mama muuza mofa, mikate ya mtama, leso kiunoni na unga mikononi. Mdomo wake ulijulikana Likoni nzima.

"Mwaulizana hukumu, na viumbe vyafa! Huyo samaki akishakufa mtamsomea kitabu?"

"Mama, huku ni uani kwa wanaume," fundi akasema.

"Basi geuzeni nyuso! Na wewe uliyeweka pipa pale, ugeuze mara mbili."

Mwalimu alishusha kidole. Nilimwona akitabasamu, kisha akavua kofia. "Amesema kweli. Maji tutayajadili baadaye. Leteni vyombo." Akatukataza watoto kutia mikono birikani, kwa sababu chokaa mbichi hula ngozi. Lakini muadhini alikuwa ameshakunja kanzu na kuingia.

Vyombo vilikuwa wapi? Siku ya vunja jungu hakuna sufuria tupu. Na maji pia hayakuwapo. Mwezi ulikuwa umeandama au uko karibu, kwa hiyo ilikuwa bamvua, maji makuu ya bahari, na bamvua ikijaa kisima chetu kiliingiwa na chumvi mpaka bahari irudi. Samaki wale wa maji matamu wangetoka kwenye chokaa wakafie kwenye chumvi. Nilikimbia nyumbani nikilia. Bibi yangu alikuwa akikoroga mchuzi.

"Bibi, muadhini ataka maji matamu! Kisima kimeshaharibika!"

Akatazama mtungi wake wa maji ya kunywa, ule aliokuwa ameujaza asubuhi bahari ikiwa imekupwa, akaufukiza ubani kwa ajili ya daku. Yalikuwa ndiyo maji yetu yote mpaka kesho. "Shika huko," akasema. Tukaubeba pamoja, yeye akinihimiza, "Usikimbie, utauvunja. Wala usitembee, watakufa." Njiani nikaona mitungi mingine ikitoka milangoni, kila mmoja umeshikwa na wawili, kama mabibi harusi wanaopelekwa.

Uani, mama muuza mofa na mwenzake walikuwa wameshika leso kwa ncha nne, wakiipitisha chini ya maji kama juya la wavuvi. Muadhini, akiwa ndani, aliwaelekezea kwa mikono, kwa kuwa macho hayakusaidia kitu. Leso ilipoinuka tulisikia wanavyopigapiga. Tukawatia mitunguni. Wengine walizama wakiwa hai. Wengine walielea na matumbo juu, na muadhini aliwatazama hao mmoja mmoja. Alikataa kutoka. "Bado nawasikia miguuni," alisema, mpaka mwalimu akaingia na viatu vyake akamshika kwapani. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imechunika. Bibi akampaka mafuta ya nazi, naye akauliza, "Wangapi?" Hakuna aliyetaka kuhesabu.

Daku ile tulikunywa madafu. Birika likakaushwa, likasuguliwa, likajazwa, likamwagwa, likajazwa tena. Kila asubuhi mwalimu, kwa kuwa alikuwa amefunga, alimwita mtoto mdogo aonje maji, na mtoto akikunja uso waliyamwaga. Samaki walibaki majumbani mwetu, ndani ya mitungi, na sisi tuliwachungulia kutwa.

Hatimaye maji yakawa mazuri. Yakalala siku chache, na viluwiluwi vikatokea. Jioni ya kuwarudisha samaki, tulipokuwa bado tunajiandaa, kengele ya baiskeli ikalia upande wa shamba. Nakumbuka muadhini alivyogeuka, akichechemea. "Watieni! Watieni sasa hivi!" Tukamimina mitungi. Samaki, kwa hofu, wakazama wote chini, wakajificha pembeni kwenye kivuli.

Bwana Mbu aliinama. Viluwiluwi vilikuwa vikicheza juu ya maji bila wasiwasi. Akashusha pampu.

"Mzee, wadudu nawaona. Samaki wako wapi?"

"Wapo, mwanangu."

"Siwaoni."

"Ngoja kidogo."

"Nina kazi nyingi."

"Najua. Ngoja kidogo tu."

Tuliinamia maji sote. Mama muuza mofa aliuma ncha ya leso yake. Bwana Mbu akaanza kuvuta mpini wa pampu, kisha akaacha, sijui kwa nini, pengine kwa kuiona miguu ya mzee. Na maji yakatikisika. Samaki mmoja alipanda, akameza, akazama. Kisha mwingine. Bwana Mbu akatazama kwa muda, akavaa pampu mgongoni, akasema, "Ramadhani njema, mzee," akaenda zake. Muadhini alikaa chini palepale akalia.

Wote wale wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Birika lilivunjwa zamani yakaletwa mabomba, na sina lawama, maji ni safi na wagonjwa wa homa wamepungua. Lakini bomba unalifungua tu ukatawadha. Sisi tulifundishwa kuweka kata ya kifuu juu ya maji kwanza na kungoja, samaki wapishe, ndipo uteke. Mpaka leo, mkono wangu ukifika kwenye maji husita kidogo, na katika kusita huko humkumbuka Mola wangu.