Pete ya Akiki Kifuani mwa Mwanangu

Mama mkwe alipokuja Chanika kutoka Lindi kunilea uzazi, alimvalisha mwanangu pete. Pete ya fedha, jiwe lake akiki nyekundu kubwa kama harage, imetungwa kwenye uzi mweusi ikaning'inia kifuani. Ilikuwa ya babu wa babu yake, na watoto wake wote sita walikua nayo.

"Usimvue mume wangu hata ukimuogesha," aliniambia. Mume wangu, ndivyo alivyomwita mjukuu wake.

Sikumvua. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika kabla ya arobaini, na huyu alikuwa na siku thelathini na tatu. Hata kufuli ningemvalisha, mradi mtu aniambie linasaidia.

Mchana mmoja mama mkwe alikwenda dukani kununua sabuni. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi. Nikamgeuza, nikaitoa pete ndani ya shati lake, na kwa mara ya kwanza nikalitazama lile jiwe vizuri. Lilikuwa na maandishi. Madrasa nilihitimu, Kiarabu nakisoma, lakini haya yalinishinda. Nikamulika kwa simu. Herufi zilichongwa kinyume, zote zimegeuka. Na madrasa tuliambiwa wazi ni nani anayeandika maneno ya Mungu kinyume. Wachawi.

Nikakumbuka kwamba yule wa kwanza alikata roho mikononi mwa huyu huyu mama mkwe. Niliogopa hata akili ikaniruka. Nikakata uzi kwa wembe, nikakimbia uani, nikaitupa pete kwenye shimo la choo. Niliisikia ikitua.

Nikarudi ndani, nikamfungua mtoto shati nimsomee dua. Pale jiwe lilipomkandamiza kifuani palikuwa na alama nyekundu, na alama ile ilisomeka, herufi zimekaa sawasawa: Yaa Hafidh. Ewe Mlinzi.

Nikakaa chini. Ilikuwa pete ya muhuri, ya kugongea barua za watu wa zamani. Ilichongwa kinyume ili ikigongwa isomeke. Jina la Mungu nilikuwa nimelitupa chooni kwa mkono wangu mwenyewe, na arobaini ilikuwa bado siku saba.

Geti likalia.

"Mwanangu, mume wangu kaamka?"

Nikamfunga mtoto vifungo vya shati upesi upesi, mama mkwe asije akaiona ile alama akaisoma.