Mafuta ya Breki Kwenye Chupa ya Soda

Miaka ile ya dhiki, wakati habari za sabuni zilipitishwa kwa kunong'ona na meno yalisuguliwa kwa mkaa, mume wangu alikuwa na gari. Naomba mumheshimu. Mtaa wetu mzima wa Nangara ulilihesabu pikapu lile kuwa mali ya ukoo: lilibeba wagonjwa, mabibi harusi, maiti na magunia ya mbaazi. Sisi wenye gari tulilipanda likipata nafasi.

Mimi nililitaka kwa safari moja tu. Mama yangu alikuwa anaishi peke yake kule juu, Mbulu, macho yanamwisha, anatafuta moto jikoni kwa kupapasa. Nilimbembeleza kwa miaka aje kukaa nami Babati, naye akawa ananijibu kwamba mjini watu wananunua hata mboga. Alipounguza mkono ndipo akakubali. Nikaogopa atabadili mawazo, nikamwambia mume wangu twende upesi. Akasema sawa, ila kwanza abadilishe mafuta ya breki, maana yale ya zamani yamekuwa meusi tii. Mtaalamu huyo.

Mafuta ya breki hayakuwepo dukani. Dukani hakukuwa na kitu ila mwenye duka. Mume wangu aliyapata mapema mwaka ule kwa mlanguzi mmoja nyuma ya soko, kopo jipya ambalo halijafunguliwa. Na sisi ni waungwana, kitu kikipatikana hatuli peke yetu. Kaka yake akamiminiwa kidogo, rafiki yake dereva akamiminiwa kidogo, na jirani asiye hata na baiskeli naye akapewa yake ya akiba. Yaliyobaki yakaingia kwenye chupa ya soda, mdomo ukazibwa kwa gunzi la hindi, kama tulivyoziba mafuta ya taa na asali. Chupa ikakaa barazani masika yote.

Basi Jumamosi akanikalisha kwenye usukani, yeye akaingia uvunguni. "Kanyaga," anasema. Nakanyaga. "Shikilia." Nashikilia, yeye anafungua nati nyuma ya gurudumu, mafuta meusi yanaruka na mapovu yake, anafunga. "Achia." Tukaenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu, huku yale ya chupani yakiingia kwa juu, mpaka pedali ikawa ngumu. Akatoka uvunguni kifua mbele, utadhani gari kaliunda yeye.

Kumbe mafuta ya breki hunywa maji. Si lazima uyamwagie. Yanayavuta yenyewe kutoka hewani, na gunzi halizuii hewa. Ukikanyaga breki muda mrefu kwenye mteremko, magurudumu yanapata moto, moto unayafikia mafuta, na yale maji yaliyojificha ndani yanachemka kuwa mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanaweza kusukuma breki. Mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga bure. Leo naeleza vizuri kwa sababu ada nimeshalipa.

Kupanda hakukuwa na neno. Mama alikuwa tayari, kuku wake wawili kwenye kikapu, akakaa katikati yetu akinishika goti. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Tulipoanza kushuka mteremko wa Dareda, mume wangu akatoa gia ili gari lijishukie lenyewe, kama walivyofanya wenye magari wote kuokoa petroli, na mguu ukabaki kwenye breki. Alitaka mkwewe aone breki mpya.

Kona ya tatu au ya nne, pedali ikazama. Aliikanyaga tena na tena, akavuta breki ya mkono, akapigana na gia mpaka ikaingia kwa kelele, akaligonganisha gari na ukuta wa udongo upande wa mlima. Tukasimama. Kwa upande wa pili kulikuwa na mawingu tu na mashamba ya watu huko chini.

"Mkwe, tumefika?" mama akauliza.

Mume wangu akashuka, akatia mawe chini ya magurudumu. Tulikaa pale mpaka magurudumu yakapoa, akajaribu pedali, ikawa ngumu kama mwanzo. "Zimerudi," akasema.

"Zilikuwa zimekwenda wapi?"

Mume wangu akashuka kuondoa mawe. Mama akafikiri kidogo, akauliza kama kupanda mlima kunahitaji breki.

"Hapana, mama," mume wangu akasema, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata swali analolijua.

"Basi geuza, unirudishe kwangu."

Nililia, nikamshika mkono ule wenye kovu, nikamsihi tushuke kwa miguu mimi na yeye. Akasema kama ni kufa, kule juu anaweza kufa bila kusafiri. Mume wangu akageuza gari, tukamrudisha.

Kopo jingine lilipatikana baadaye. Safari hii tulilifungua na kulitumia siku hiyohiyo, ndugu na majirani wakanuna. Nikatuma ujumbe kwa mama kwamba gari sasa ni zima. Akajibu atafikiria baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno tulipanda kwenda kumzika. Wakati wa kurudi mume wangu alishuka na gia, taratibu, na breki zilishika kila kona. Kati yangu na yeye palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mmoja, na hakuna aliyesogea.