Bitana ya Kitenge

Kushona nilifundishwa na baba yangu, Tanga, na baba alikuwa mkali sana kuhusu upande wa ndani wa nguo. Alikuwa akilichukua koti nililomaliza, analigeuza, na akiona nyuzi zinaning'inia ananichapa nalo usoni mbele ya wateja. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kuiacha nguo bila bitana. Na hasira zake nilizirithi vilevile, sikatai.

Mwaka 2017 nilikuwa na cherehani mbili kwenye kibanda mtaa wa Bertrams, Joburg, karibu na uwanja wa mpira. Nikilala Bellevue, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka sabini na ushei. Wapangaji sote, Wakongo, Warundi na mimi, tulimwita Ouma, ndivyo bibi anavyoitwa kwa Kiafrikana, na hiyo ndiyo lugha yake. Mimi naye tulielewana kwa Kiingereza. Kizulu hakuwahi kukitamka mbele yetu, tukaamini hakijui.

Ouma alikuwa Mkhoi. Watu wake walikuwa katika nchi hii kabla ya mzungu hajashuka melini, na kabla ya sisi wengine wote. Lakini serikali ya makaburu ilimwandika chotara, na serikali mpya ilipokuja, fomu zikawa zinakuja na kisanduku kilekile. Siku moja, akimenya viazi, alinisimulia jinsi wazungu walivyofika shamba alilokuwa akifanya kazi babu yake, wakiwa na chuma cha kupimia vichwa. Walimpima dada wa babu akiwa hai. Alipokufa walirudi na gunia, wakamfukua, wakaondoka na mifupa. Hakulia akisimulia, ila vile viazi alivikatakata vidogo mno, havikufaa tena kupikwa.

Mwaka huo kulikuwa na muswada wa sheria ya kuwatambua viongozi wa Wakhoi na Wasan, na watu wa serikali walikuwa wakizunguka kusikiliza wananchi. Kikao cha huku kilipangwa kufanyika kwenye ukumbi mmoja Newtown. Ouma aliandikishwa kuzungumza dakika tatu. Alitaka jambo moja tu: asimame mbele yao na vazi la kwao, aseme yeye ni nani, nao waliandike kabla hajafa.

Ngozi zililetwa kwa basi kutoka kwa mpwa wake, ndani ya mfuko wa mchele: za kondoo na za pimbi, laini, zinanuka moshi. Cherehani ilivunja sindano tatu nikaitukana. Ouma akacheka, akaketi kwenye kibanda changu, akanifundisha kutoboa kwa msharasi na kushona kwa kano za mbuzi zilizoloweshwa. Tulishona wiki mbili. Nikamuuliza bitana niweke ya rangi gani.

"Hakuna bitana," alisema. "Ngozi inagusa ngozi. Ndivyo lilivyo."

Nilimwitikia, lakini mkono uliniwasha. Siku mbili kabla ya kikao, alipokwenda kliniki, nilichukua kitenge changu kizuri kuliko vyote, cha manjano chenye ndege wa buluu, nikakitia ndani. Zawadi, nilijiambia. Kusema kweli nilitaka watu wa ukumbini wajue kuna fundi.

Aliporudi aliligeuza vazi, akaangalia ndege wangu.

"Umenivalisha kwenu," alisema.

"Ouma, ni bitana tu."

"Kesho utaitoa."

Nilichukia, kweli nilichukia. Nilifunga kibanda nimenuna, tukaanza kupanda kuelekea nyumbani, yeye amejitupia vazi mabegani. Ilikuwa kama saa tisa mchana. Kufika nusu ya kilima mvua ikaanza, matone makubwa yale ya Joburg. Ngozi zikilowa kabla ya kikao zingekunjamana, na mimi ndiye niliyesema, kwa kiburi kabisa, "Ligeuze, Ouma. Bitana itakinga mvua. Umeona sasa faida yake?" Akaligeuza. Ndege wa buluu wakawa nje.

Vijana walitokea barabara ya pembeni, kumi au kumi na watano, na marungu na vipande vya nondo. Wiki nzima tulikuwa tumesikia kwamba wanapita wakiwasaka wageni. Walikuwa wametoka kuvunja spaza, kiduka cha mtaani, ya Mhabeshi. Mmoja alikuwa na mfuko wa sukari begani, umetoboka, sukari inamwagika mgongoni na kugeuka uji kwa mvua. Walituzunguka.

Walianza na mimi. Kizulu changu nilikipata kwa wateja, kinatosha kupimia suruali na kugombania bei. Nikawaambia mimi Mvenda kutoka Limpopo, kaskazini mwa nchi hii, maana weusi wangu na lafudhi yangu vingeweza kupita hapo. Mwenye nondo alinitazama mdomoni. Kisha akamgeukia Ouma, akashika kitenge kwa vidole viwili, kama mtu anayepima bei ya kitambaa.

"Na huyu kwerekwere?" Ndivyo wanavyotuita wageni.

Ouma alimjibu kwa Kiafrikana, halafu kwa Kiingereza: "Nilikuwa hapa kabla ya bibi wa bibi yako."

Wakacheka. Kibibi cha rangi ya udongo kilichovaa nguo ya Kongo, hakiongei Kizulu, kinawaambia wao kwamba chenyewe ndicho cha hapa. Mwenye nondo akaniuliza mimi, "Unamjua?"

Ningesema neno moja. Ningesema ndiye mwenye nyumba yangu, amezaliwa nchi hii, ulizeni mtaani. Lakini nikisema namjua wataniuliza nakaa wapi na akina nani, na uvenda wangu utayeyuka papo hapo.

"Angimazi," nilisema. Simjui.

Rungu la kwanza lilimpata kwenye kiwiko. Niliusikia mfupa. Sauti yake haikuwa kubwa, ni kama kijiti cha kuwashia moto ukikivunjia gotini. Ouma hakupiga kelele, alivuta pumzi tu. La pili lilimpata shavuni, meno mawili yakatoka na damu, akaanguka kwa ubavu, nao wakaanza mateke. Walimpiga mgongoni, mbavuni, wakamkanyaga kiganja. Mmoja alikuwa akivuta kitenge ili akichane, na kwa kuwa nilikuwa nimekishona imara, hakikuchanika, ikabidi amburure naye chini. Mshono wangu ulimburura Ouma barabarani.

"Hamba," mwenye nondo aliniambia. Nenda.

Nikaenda. Mimi mwenye hasira, niliyewahi kumrushia mteja mkasi kwa kunidharau, niliufyata nikatembea mpaka kwenye robot, taa za barabarani za kule juu, bila kugeuka. Taa ilikuwa nyekundu, nikasimama nisubiri iwe kijani, na hakukuwa na gari hata moja.

Walipohamia duka jingine nilirudi mbio. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefungika, mkono umekunjika pasipo na kiungo. Nilimbeba mgongoni mpaka akatokea mtu mwenye bakkie, zile gari zao za mizigo, akatufikisha hospitali. Damu yake ilinitiririka shingoni njia nzima, ya moto.

Karani wa mapokezi aliangalia kitenge, akauliza, "Paspoti yake iko wapi?"

Hapo ndipo hasira zangu zilipopata njia. Nilipiga ngumi dirisha lake mpaka kioo kikatikisika. Nilipayuka kwamba huyu ndiye mwenye nchi, kwamba namjua, naishi kwake miaka minne, mnamwomba paspoti mtu ambaye mmekalia makaburi ya kwao! Walinzi wawili walinikaba na kunibana ukutani. Ouma alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, jicho lake zima likiniangalia.

Kikao kiliahirishwa kwa vurugu zile, wiki tatu. Ouma hakuniambia neno baya, alinisalimia asubuhi na jioni kama kawaida, na hilo ndilo lililonikata maini. Nilikaa kwenye kibanda nikaifumua bitana kwa wembe, uzi kwa uzi. Damu ilikuwa imepenya kitenge ikaingia kwenye ngozi za pimbi, nikazisugua kwa chumvi na haikutoka. Kitenge nilikichoma moto nyuma ya kibanda.

Newtown nilimsindikiza. Ukumbi ulijaa, watu wengine wamevaa ngozi, wengine suti. Ouma alisimama na plasta mkononi, mapengo mawili mdomoni, vazi likiwa kwenye ngozi yake bila kitu katikati. Alisema yeye ni nani, na mama yake, na mama wa mama yake. Alisema habari ya gunia. Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu, akamsikiliza, kisha akauliza kama kuna karatasi yoyote. Hakukuwa na karatasi isipokuwa ile iliyomwita chotara. Basi akauliza kama kuna mtu yeyote humu ukumbini anayemjua, athibitishe, iandikwe.

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno wiki tatu nzima, kwa Kiingereza kizuri, na nilitaka kuyasema kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Ouma hakugeuka kuniangalia. "Huyu hanijui," alimwambia mwenyekiti. "Aliulizwa barabarani akasema hanijui. Anapaza sauti pasipo na rungu."

Kumbe siku ile Kizulu alikielewa. Watu waligeuka kunitazama. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine, akasubiri kidogo, hakukuwa na mwingine. Aliandika kitu kifupi, akashukuru, akaita jina linalofuata. Ouma alirudi kwenye kiti, akalivua vazi kwa mkono mmoja kwa shida, akaniwekea magotini nilishike, maana mkono ulikuwa ukimuuma. Nililishika mpaka kikao kilipokwisha.