Saa Mbili Alitangulia Kwenye Kanda

Fundi mitambo wa kituo kile cha redio alikuwa mwanamke wa makamo asiyejisifu wala kuomba msaada. Hilo la pili ndilo lililomponza.

Diski ya kompyuta ya kituo ilikuwa imejaa pomoni. Mkurugenzi, mzito wa mkono linapokuja suala la vifaa, akaleta mashine ya kanda iliyokwishachoka kwingine, ya kunakili mafaili kwenye utepe wa sumaku. Rekodi za zamani zihamie kwenye kanda, akaagiza, na diski isafishwe.

Miongoni mwa rekodi hizo ilikuwemo sauti ya Saa Mbili. Mzee huyu alisoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku mpaka jina lake halisi likasahaulika, kisha ugonjwa wa koo ukamwachia mnong'ono tu. Kila alipopita kituoni alimuuliza fundi kama sauti yake ingali ipo. Watu walimtania kwamba anaulizia mtoto aliyeko bwenini. Mimi sioni cha kuchekesha hapo.

Fundi alichomeka kebo, akaiwasha kompyuta, na Linux, mfumo ulioiendesha kompyuta hiyo, ikaitambua mashine bila maringo. Akamtanguliza Saa Mbili, kama mtu anavyompisha mzee mlangoni. Ukafuata muziki, na mwisho matangazo ya biashara.

Sasa, Linux huipa mashine ya kanda njia mbili. Kwa njia moja, kila kazi ikiisha kanda hujirudisha mwanzo; kwa nyingine hubaki iliposimama, ikingoja kinachofuata. Fundi alitumia ile ya kwanza. Muziki ukaandikwa juu ya mzee, na matangazo juu ya muziki. Kompyuta haikulalamika, maana ilifanya ilichoambiwa. Angeisoma kanda kabla ya kufuta, angegundua. Wenzake aliwasimanga mara ngapi kwa kosa hilohilo! Akasafisha diski, akaenda zake nyumbani.

Saa Mbili alikuja na mkewe siku mjukuu wao alipotaka kupelekewa taarifa moja tu ya babu yake. Fundi akaisoma kanda, akaisoma tena. Hakuzunguka mbuyu.

"Baba, nimekufuta," alisema. "Nilikuweka wa kwanza kwa heshima, nikaandika mengine juu yako. Nisamehe."

Mzee alishika meza. Fundi akatamani atukanwe. Hatimaye mzee akanong'ona kuuliza kilichobaki ni nini. Aliposikia ni matangazo, akainuka aondoke, lakini mkewe akamvuta shati, akasema hawakupanda ngazi zote zile bure.

Wakasikiliza magodoro, rangi za nyumba, dawa ya mende. Kisha ikaja sauti ya kijana, nyororo, ikisifia sabuni ya kufulia, na mwishoni ikaimba. Saa Mbili akafunika uso. Maisha yake yote kituoni alikuwa amekana kwamba ndiye aliyeimba tangazo lile.

"Huyo ndiye aliyenichumbia," mkewe alisema, machozi yakimtoka. "Yule wa taarifa ya habari alikuwa wa watu wote."

 Mzee akamgeukia fundi, akainua kidole.

"Rudia," alinong'ona.

Fundi akairudisha kanda mwanzo.