Wavu wa Donatus

Huku Chato tulimfahamu Donatus kwa mambo mawili: kuvua na kuongea. Mwaka 1983, enzi ambazo nyavu hazikupatikana hata kwa kujuana, wavu wake mpya ulipotea ziwani. Siku moja kabla, jirani yake Mihayo alikuwa ameuomba akanyimwa. Basi Donatus hakutafuta mbali. Alisimama mkutanoni akasema mwizi ni Mihayo, na sisi, kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa, tukaamini. Mihayo akatengwa. Hakuna aliyemsalimia wala kumpa kaa la moto la kuwashia jiko. Hatimaye alichukua mke na watoto, akahamia Maganzo kuchimba almasi.

Miaka mitatu baadaye wakaja wataalamu na boti yao, na ndani yake chombo ambacho tulikuwa hatujawahi kukiona: sanduku la chuma lenye taa na kamera, linazamishwa bila mtu ndani na kuendeshwa kutoka juu kwa waya mrefu. Mkubwa wao, Bwana Herman, alieleza kwamba baharini chombo hicho kilimwonyesha matumbawe yanayoishi kwenye kina kisichofikiwa na jua. Ziwa letu halina matumbawe, lakini alitaka kuona viumbe gani wanaishi kwenye miamba ya chini. Donatus akaajiriwa kushika waya, maana miamba yote aliijua ilipo.

Picha zikatokea kwenye televisheni ndogo. Furu, samaki wadogo wa ziwa letu, walipita makundi kwa makundi, na Herman akafurahi mpaka akasahau chai yake. Mara ukatokea wavu. Ulikuwa umenasa kwenye jiwe, umejaa mifupa ya samaki, na vielea vyake ni vipande vya ndala za kijani. Ndala zile Donatus alizikata kwa mkono wake.

Herman akauliza kama anajua ni wavu wa nani. Donatus, msemaji wetu yule, akajibu hajui.

Alikuwa amemfukuza mtu kwao kwa jambo asilolifanya, na sasa ameongeza uongo juu ya kosa hilo. Dhambi hiyo ilimkaa kifuani; tangu hapo kila tulipomtania alicheka kidogo tu na kuondoka. Mwisho akamuaga mkewe, akapanda basi.

Maganzo alimkuta Mihayo amechuchumaa, amekonda, anachekecha changarawe. Donatus akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akamweleza yote, akalia bila kujificha. Mihayo aliendelea kuchekecha mpaka akamaliza.

"Umewaambia watu wa Chato?"

"Bado, ndugu yangu. Niliona nianze na wewe."

"Mimi nilijua siku zote kwamba sikuiba," Mihayo akasema. "Rudi ukawaambie wasiojua."