Breki ya Kidole Gumba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nasikia harufu ya kiatu kinachoungua. Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki yangu mbele ya karakana ya Papa Kaumba, kule mtaa wa Katuba, injini ikinguruma, na nilikuwa nikimtazama fundi yule kwa jicho la pembeni. Nilikuwa mtu wa mashaka. Bado niko. Hata leo unga ukitoka sokoni naupima tena kwa mkono, na wewe usinicheke.

Miaka ile mashaka yalikuwa hewani. Chama kilikuwa kimoja, sote tuliitwa citoyen, yaani raia, na kila mtaa ulikuwa na mtu wa kupeleka maneno kwa wakubwa. Ukicheka baa, ulitazama kwanza nani amekaa nyuma yako. Mimi nilifanya kazi kwenye tanuru la shaba, na nilikuwa na siri. Chuma kiliniangukia mguu wa kulia. Kwa nje ulipona, lakini kuanzia kifundo kwenda chini haukusikia kitu. Kwa daktari wa kazini nilisema nimepona kabisa. Asiyefaa kazi alirudisha nyumba ya kambi ya wafanyakazi, ndivyo tulivyoamini, na ndani ya nyumba ile nilikuwa na mke wangu Numbi na watoto watatu. Niliogopa sana. Nikajifunza kutembea bila kuchechemea, na hata Numbi sikumwambia.

Sasa, breki ya gurudumu la nyuma unaijua: hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Ilinibidi nitazame chini kila mara nijue mguu uko wapi. Siku hiyo nilimwomba Papa Kaumba akaze pedali tu. Alikuwa mzee mpole, mtu wa Lukafu, maneno yake machache. Hakuigusa pedali. Alinyoosha kidole.

"Citoyen, kiatu yako inaungua."

Nikatazama. Soli ilikuwa imelala juu ya bomba la moshi na mpira unayeyuka.

"Nitakuwekea frein ya nyuma ku mukono," akasema, yaani breki ya kushikwa kwenye usukani. "Mugulu yako itapumuzika."

Akaingia ndani, akatoka na mkono mdogo wa chuma na waya mrefu. Akaulaza waya ule kutoka kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma, ukafika sawasawa, haukupungua wala kuzidi. Waya ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha pikipiki yangu kabla mimi sijafika.

"Nani alikuambia?" nikauliza.

"Juu ya nini unauliza nani? Angalia kiatu."

"Minauliza nani."

Papa Kaumba akanyamaza, akaanza kuukunja waya wake. Ule ukimya ndio ulionimaliza. Nikasema moyoni, huyu ndiye macho yao. Tena anataka nipite geti la kazini na breki ambayo kila mtu ataiona na kuuliza mguu una nini. Nikatia gia nikaondoka.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini kesho yake niliwaambia wenzangu watatu wa tanuru: "Muchunge ule muzee wa Katuba. Anapelekaka maneno kwa bakubwa." Wakati ule neno kama hilo lilitosha. Baada ya wiki chache, karakana iliyokuwa ikijaa pikipiki ilibaki na baiskeli mbili. Nilipita pale nikaona, na nilifurahi. Naona haya kukuambia, lakini nilifurahi.

Ikafika Jumapili moja. Tulitoka misa, Numbi amekaa nyuma yangu, mapajani ameshika gauni la bibi harusi. Alikuwa mshonaji, na nusu ya maharusi wa kambi walivaa kazi ya mikono yake. Tulipofika mahali barabara inapokata reli, mabehewa ya mawe ya shaba yalikuwa yanapita na mlinzi ameinua bendera. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Pikipiki haikupungua mwendo hata kidogo. Nikaibana breki ya mbele kwa vidole vyote, gurudumu likateleza kwenye changarawe, tukaanguka hatua chache tu kutoka kwenye mabehewa. Mimi nilichubuka. Numbi aliangukia kiwiko.

Hospitali, mkono wake ukiwa umefungwa mbao, mimi bado nilikuwa nanguruma. "Ule muzee njo aliharibu frein yangu. Alitaka tufe."

"Frein ilikuwa muzima," Numbi akasema. "Niliangalia chini. Mugulu yako haikuwa ku pedali. Ilikuwa inakanyaga kile kyuma ya kuwekea mugulu. Ulikanyaga sana, bule."

"Na ni mie njo nilimwambiaka Papa Kaumba. Nilipima pikipiki yako na metre yangu ya kushonea, nikamupelekea kipimo. Nikamulapisha asikuambie."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ulikanyaga kala ya mbabula, na ukaendelea kula bukari yako."

Kaa la moto la jiko lilikuwa chini ya unyayo wangu, na mimi niliendelea na ugali.

Mwanangu, nililia mbele ya muuguzi. Niliyekuwa namtafuta mtaa mzima alikuwa akilala kitandani kwangu, na alichokuwa anataka ni nisife.

Nilikwenda Katuba kwa miguu. Papa Kaumba alikuwa amekaa peke yake. Nikamweleza yote, na yale niliyosema tanuruni pia. Akaingia ndani, akaleta mikono miwili ya breki: mmoja wa kukaa chini ya klachi na kuvutwa kwa vidole, mwingine mdogo wa kusukumwa kwa kidole gumba.

"Chagua weye. Mukono ni yako."

"Weye ungechagua gani?"

"Ya kidole gumba. Bile bidole bingine biko na kazi ya embrayage."

Nikachukua hiyo, vidole vingine vikabaki na klachi. Jumatatu mkubwa wa tanuru aliiona getini, akauliza, nikamwambia ukweli. Walinihamishia stoo ya glavu, wenzangu wakanicheka, na nyumba hakuna aliyeigusa. Lakini mkono wa Numbi haukunyooka tena. Magauni ya harusi aliyaacha, akabaki kukunja pindo za suruali. Na wale wenzangu watatu, nilipowaendea kusema nilidanganya, walinitazama na kujiuliza nani amenituma. Mwaka haukuisha, Papa Kaumba akafunga karakana akarudi Lukafu kulima.

Sikukatazi mashaka. Fundi akikufungulia pikipiki, kaa hapo utazame. Ninachokuomba ni hiki: ukiambiwa jambo linalokuhusu, usianze kutafuta nani kasema. Tazama kwanza kiatu chako. Kama kinaungua, mshukuru aliyekuonyesha. Na ukimshuku mtu, mwulize yeye mwenyewe kabla hujamtaja kwa wengine, kwa sababu mimi nilirudi kulichukua neno langu na sikulipata.

Mungu akulinde njiani, mwanangu, akupe mikono mizima na miguu inayosikia. Na kama mguu utakufa ganzi, akupe nyumbani mtu wa kukupima kimyakimya kwa metre yake ya kushonea, na akupe moyo wa kutomkasirikia.