Kiduara cha Tenri

Tenri alikuwa mwandishi wa programu mjini Makassar. Ukurasa wake wa mtandaoni wa kuchukulia namba za foleni ya zahanati ulikuwa mwepesi, kilobaiti hamsini tu, na hata simu kuukuu ya mama yake kule milimani Enrekang iliufungua.

Bosi wake, Andi Mappa, alipouona alicheka. "We Tenri, hiki nacho kitu cha kumwonyesha mteja?" Akaamuru uandikwe upya kwa fremuweki, mfumo mkubwa wa kujengea kurasa, wenye kila aina ya madoido. Ukavimba hadi megabaiti tano.

"Bosi, huko vijijini hautafunguka."

"Mbona kwangu unafunguka kufumba na kufumbua?"

"Simu yako imeshaupakua tangu jana! Ufute kwanza, ndipo ujaribu."

"Acha ubishi, dada. Wewe tengeneza kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini wakati watu wanasubiri ukurasa ufunguke."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye waifai hamjui mwenye bando. Tenri akakitengeneza kiduara kwa hasira, kikatoka kizuri ajabu. Mteja akapiga makofi.

Mwezi uliofuata mama yake alipiga simu, anakohoa. Zahanati ilikuwa haimpokei tena mtu asiye na namba, na bando lilimwishia kila alipojaribu kuipata. Lakini hakupiga kulalamika.

"Nimeuona ukurasa wako mpya, mwanangu. Nimewaita na majirani. Hicho kiduara kinavyozunguka, we! Ule wa zamani ulikuwa unafunguka tu, basi."